Kiyoyozi cha Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Ramlah alilowesha fulana mbili za mdogo wake katika beseni. Moja aliikamua na kumvisha Swaib papo hapo. Ya pili aliitundika kwenye msumari jikoni, ikiwa bado inadondosha maji, ili bibi yao ambadilishe ile ya kwanza itakapokauka. Kisha alijaza chupa ya maji ya kunywa na kuiweka mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka mitano ungeifikia.

Watoto wengine wa mtaa wa Nkoma, mjini Mbale, hawakuvaa nguo mbichi. Swaib alizivaa kwa sababu alizaliwa bila uwezo wa kutoka jasho. Mwili wa mtu ukipata joto, jasho hutoka, hukauka juu ya ngozi na kuupoza. Mwili wa Swaib haukuwa na njia hiyo. Joto lilipoingia ndani yake, lilibaki humo na kuongezeka. Katika kiangazi kilichopita alipata degedege mara mbili, na daktari akawaeleza wazazi wake bila kuficha.

"Fulana mbichi ni nzuri, lakini hazitoshi," alisema. "Mtoto huyu anahitaji chumba kimoja chenye ubaridi, akae humo saa za jua kali."

Baba yao, Bwana Magid, alikuwa mtunza ghala katika kinu cha mpunga. Tangu siku hiyo alianza kuweka akiba ya kununua kiyoyozi. Akiba ilipotosha kununua kimoja, na kimoja tu, likabaki swali: wanunue kipi, na wakiweke wapi?

Bibi yao hakuona kuwa kuna swali. Walimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao.

"Sebuleni," alisema. "Kitu kama hicho kinafichwa chumbani? Wageni watakaa kwenye joto, sisi tujifungie na baridi yetu kama wezi? Tena mtoto anacheza wapi? Hapa. Analala wapi mchana? Hapa hapa, kwenye mkeka wangu."

Ni kweli kwamba maisha yote ya nyumba ile yalikuwa sebuleni. Haboba alishinda hapo akisuka vifuniko vya sinia kwa ukindu wa rangi, na majirani waliingia na kutoka kunywa kahawa ya tangawizi. Pazia lilining'inia mlangoni, lakini mlango wenyewe ulikaa wazi tangu baada ya swala ya alfajiri hadi magharibi. Haboba hakuruhusu ufungwe mchana hata mara moja. "Mlango ukifungwa jua likiwa juu," alizoea kusema, "ama watu wanakula kwa siri, ama ndani kuna maiti."

Ramlah naye alitaka kiyoyozi kiwe sebuleni, ila kwa sababu nyingine. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma darasa la sita katika shule ya Nabuyonga, na habari ya kiyoyozi alikwisha kuitangaza shuleni.

"Mtaweka barafu ukutani?" rafiki yake Khainza alimtania mbele ya wenzao.

"Si barafu. Ni mashine, kama ya hotelini. Utabonyeza tu, upepo wa baridi unashuka."

"Sisi kwetu baridi ni ya bure. Panda mlima Wanale alfajiri, uone kama hutalilia blanketi."

Darasa zima lilicheka. Ramlah aliona uso wake ukimchoma. "Basi njooni nyote kwetu ikishafungwa," alisema. "Mtakaa sebuleni, mtaona wenyewe."

"Tutakuja," alisema Khainza. "Nami nitavaa sweta."

Wakati wa likizo fupi Baba alimchukua Ramlah wakaenda Jinja kwa njia ya Tirinyi. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwambia kuhusu duka moja mjini humo ambalo fundi wake hakuwauzia watu mashine kabla ya kujua nyumba yao ikoje. Fundi huyo aliitwa Namwase. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyeweka kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa amesomea mitambo ya baridi, na siku nyingi alifanya kazi ya kufunga vyumba vya kuhifadhia samaki karibu na ziwa.

"Nipe cha sebuleni, chenye nguvu kuliko vyote ninavyoweza kulipia," alisema Baba.

"Ngoja kwanza, bwana," alisema Namwase. "Huo ni ugonjwa wa wateja wote. Kiyoyozi ni kama kiatu. Kidogo kinabana, kikubwa kinakuangusha." Akawaonyesha kimoja kilichokuwa mezani. Kilikuwa cha vipande viwili. "Hiki kirefu kinakaa ndani, juu ukutani. Hiki kama sanduku kinakaa nje. Kati yao kuna mabomba haya membamba ya shaba. Hakuna haja ya kubomoa ukuta, tundu moja linatosha. Sasa, mashine hii haitengenezi baridi. Inalichukua joto la chumbani na kulitupa nje. Usiku wa baridi mnaweza kuigeuza, ikachukua joto la nje na kulileta ndani. Kazi yake yote ni kubeba joto."

"Sasa kikubwa kina ubaya gani?" aliuliza Baba.

"Katika chumba kidogo kinapoza haraka, kinazima, kinawaka tena, kinazima. Kinakula umeme, na chumba kinabaki na unyevunyevu. Na kidogo katika chumba kikubwa kinakimbia mchana kutwa bila kufika. Nieleze nyumba yako, nami nitakuambia kiatu chako."

Kabla Baba hajaanza, adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka msikiti wa jirani. Baba alitazama saa. "Binti yangu anaijua nyumba kuliko mimi," alisema. "Yeye ndiye anayeifagia, na ndiye aliyeipima. Muulize, nitarudi sasa hivi." Akatoka.

Namwase alimwuliza Ramlah kama anavyomwuliza mtu mzima. Ramlah alitaja urefu na upana wa sebule, kisha wa chumba cha nyuma, ambavyo alikuwa amevipima kwa utepe wa mama yake wa kushonea. Alieleza kuwa sebule haina dari, juu yake ni mabati tu, na jua la alasiri huupiga ukuta wake. Alieleza kuwa chumba cha nyuma kina dari ya mbao, na kwamba nyumba ya ghorofa ya jirani hukitia kivuli. Alikumbuka hata yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Majibu yote yalikuwa sahihi.

"Vizuri," alisema Namwase. "Ningechagua chumba cha nyuma bila kufikiri. Lakini baba yako anasema familia inataka sebule. Basi swali la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mlango wa sebule mchana hufungwa, au hukaa wazi?"

Ramlah alijua jibu. Lakini alimwona pia Khainza akiwa amevaa sweta, na darasa zima nyuma yake, na wote wakiongozwa kwenda kutazama mashine ndogo katika chumba cha kulala chenye magodoro na nguo chafu.

"Hufungwa," alisema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Kama ungesema uko wazi, ningekataa sebule," alisema Namwase. "Mtu anayechota maji yaliyoingia mtumbwini, tundu likiwa kubwa kuliko kopo lake, atazama hata awe na bidii namna gani. Lakini mlango ukifungwa, na matundu yakizibwa, mashine kubwa itaweza." Baba aliporudi, mambo yalikuwa yameamuliwa. Namwase angefika Mbale na mashine ya sebule juma lililofuata.

Njiani kurudi Ramlah hakufurahi kama alivyotarajia. Alijiambia kwamba alichosema kilikuwa uongo leo tu. Mashine ikishafungwa, Haboba atazoea kufunga mlango. Ni suala la kumzoesha.

Jumamosi alipata nafasi. Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa amekwenda sokoni, na Haboba alikuwa ameitwa kwa jirani aliyejifungua. "Mwangalie mdogo wako," Haboba alimwambia. "Fulana yake ikikauka, mbadilishie." Swaib alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni.

Punde Khainza akafika kuona mahali ambapo mashine itawekwa. Alitazama ukuta, kisha mabati, kisha mlango uliokuwa wazi.

"Na baridi itatoka hapa iende barabarani," alisema. "Mtawapoza watu wa boda boda."

"Tutakuwa tunafunga," alisema Ramlah. Akaufunga mlango. Akafunga na madirisha, moja baada ya jingine. "Unaona? Hivi."

"Mbona giza!"

"Fanya polepole, utamwamsha."

Walitoka kwa mlango wa jikoni, Ramlah akauvuta nyuma yake, wakaenda uani kufua sare. Walifua na kusimuliana habari za shule. Khainza alimwiga mwalimu wao wa hesabu anavyopiga chafya, nao wakacheka hadi machozi yakawatoka. Jua lilikuwa limepita utosini na kuanza kuupiga ukuta wa sebule. Juu ya mkeka, chini ya mabati, fulana ya Swaib ilikuwa imekauka.

Haboba aliporudi aliona mlango wa mbele umefungwa. Walimsikia kutoka uani.

"Ya Rabi! Nani amekufa humu?"

Kisha wakamsikia akipiga ukelele.

Ramlah alikimbia. Joto la sebule lilimpokea usoni kama la tanuri. Haboba alikuwa amepiga magoti. Swaib alikuwa mwekundu kuanzia kifuani hadi masikioni, ngozi yake kavu kama karatasi, na macho yake yakimtazama dada yake bila kumwona. Mguu mmoja ulikuwa ukitikisika.

"Maji!" alisema Haboba. "Usisimame hapo. Maji, na fulana ya jikoni!"

Walimbeba hadi kwenye kivuli cha uani. Haboba alimmwagia maji mwilini kidogo kidogo na kuweka vitambaa vilivyolowa shingoni na makwapani. Khainza alimpepea kwa kifuniko cha sinia bila kupumzika. Ramlah alibaki akileta maji, ndoo baada ya ndoo. Mguu ulipotulia, Haboba alimfunga mtoto katika kanga iliyolowa, akapanda naye boda boda kwenda kwenye zahanati.

Walirudi kabla ya machweo. Swaib alikuwa amechoka, lakini alimtambua kila mtu na kuomba soda. Mganga alikuwa amesema kwamba alipozwa kwa wakati, na kwamba kuchelewa kidogo tu kungeweza kumwachia madhara ya kudumu.

Hakuna aliyemgombeza Ramlah. Haboba alidhani watoto walifunga mlango kwa mchezo. Mama alisema tu, "Usirudie," kwa sauti iliyochoka. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Ramlah alimtazama Swaib akinywa soda kwa mrija, kisha akamfuata Baba barazani.

"Baba, niliufunga mlango kwa sababu nilisema uongo Jinja."

Baba alikuwa akivua viatu. Aliacha kimoja mguuni. "Uongo gani?"

Ramlah alimweleza yote: swali la Namwase, jibu lake, Khainza na sweta, na jinsi alivyotaka kuwazoesha watu wa nyumbani ili uongo ugeuke kweli. Alilia, lakini hakuruka jambo lolote.

Baba alikivua kiatu cha pili, akakiweka kando ya mwenzake. "Ungekuwa umeniambia hili kabla ya leo," alisema hatimaye, "mdogo wako asingeumia. Na usingeniambia leo, mashine isiyofaa ingekuja, na tungelipia makosa hayo miaka mingi. Kwa hiyo umefanya vibaya, na sasa umefanya vizuri. La pili halifuti la kwanza. Unalijua hilo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi chukua simu. Mweleze mwenyewe."

Namwase alisikiliza hadi mwisho. Ramlah alisubiri kukemewa, lakini sauti kutoka Jinja ilikuwa ileile ya dukani.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala. Hana joto."

"Alhamdulillahi, kama mnavyosema kwenu. Sasa tuanze upya. Mlango wa sebule hukaa wazi saa ngapi?"

"Tangu alfajiri hadi magharibi."

"Watu wanaingia na kutoka?"

"Sana."

"Basi sebule haiwezekani. Weka simu wasikie wote." Baba alipandisha sauti ya simu, na Namwase akaendelea. "Ni chumba cha nyuma. Kina dari, kina kivuli, mlango wake unafungika. Mashine ndogo itatosha, ya aina inayopunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka. Umeme utakaotumika ni sehemu ndogo tu ya ule wa sebule."

Haboba alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Akatokeza. "We binti wa Jinja, shikamoo zako nitazipokea baadaye. Unataka mjukuu wangu afungiwe chumbani peke yake kama kuku mgonjwa? Sisi huku tunacheka, yeye kule anahesabu mbao za dari?"

"Shikamoo, mama," alisema Namwase. "Nakuelewa. Lakini mimi siwezi kuipoza barabara ya Nkoma."

Baba alikohoa ili asicheke. Haboba hakucheka. Aligeuka akamtazama Swaib aliyelala ndani, akamtazama tena, kisha akaketi polepole.

"Leo nilipoona mlango umefungwa, nilidhani kuna maiti," alisema. "Kidogo iwe kweli. Haya. Leteni hiyo mashine ndogo. Ila mtu asiniambie mtoto atakaa peke yake. Nitahamia huko mimi, na mkeka wangu, na ukindu wangu. Mwenye kunitaka atanifuata."

"Na wageni, Haboba?" aliuliza Mama.

"Wageni wana miguu."

Namwase alifika na msaidizi wake kama walivyokubaliana. Alipima chumba cha nyuma upya, ingawa vipimo vya Ramlah alikuwa navyo. "Mimi hupima kila kitu mara mbili, hata nilichopima mwenyewe," alisema. Walitoboa tundu moja ukutani, wakapitisha mabomba ya shaba, wakaweka lile sanduku la nje upande wa kivuli. Maji yanayotoka kwenye mashine waliyaelekeza kwenye migomba. Waliziba matundu ya hewa juu ya dirisha, na Namwase akaagiza dirisha lifunguliwe asubuhi na jioni ili hewa safi iingie. Waliweka pia kifaa cha kuilinda mashine umeme unapopanda na kushuka.

"Na udi wangu?" aliuliza Haboba.

"Udi uchome sebuleni, mama. Humu utamkosesha mtoto pumzi na kuziba kichujio."

"Sebule nayo ipate chake," alisema Haboba.

"Na jambo moja," Namwase alimwambia Mama. "Umeme ukikatika, mashine ni pambo la ukutani tu. Fulana mbichi msiziache."

Khainza alifika siku ileile baada ya shule, akiwa peke yake. Wengine Ramlah alikuwa amewaambia mbele ya darasa kwamba alijisifu, kwamba hakuna mashine ya sebuleni, na kwamba mdogo wake alikuwa ameumia. Hakuna aliyemcheka. Khainza aliingia, akatazama juu ukutani.

"Kumbe ni kadogo hivi!"

"Chumba ni kidogo," alisema Ramlah.

Haboba alikuwa mkekani, ukindu ukiwa mapajani, na wanawake wawili wa jirani wakiwa wameegemea godoro na vikombe vyao vya kahawa. Swaib alikuwa katikati yao akisukuma gari la kopo. Nje mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Swaib hakuwa na fulana mbichi. Mwanzo alicheza kama kawaida, kisha akaanza kujikunja. Akasogea hadi kwa Haboba na kujipenyeza chini ya kanga yake.

"Haboba," alisema, "nasikia baridi."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aligeuka upande akaufuta uso kwa ncha ya mtandio. Tangu azaliwe, mtoto huyo hakuwahi kusema maneno hayo mchana wa jua.

"Mleteeni sweta!" alisema Haboba. "Mnangoja nini?"

Hapakuwa na sweta ya kumtosha ndani ya nyumba. Khainza alivua yake, aliyokuwa amekuja nayo kwa mzaha, akamvisha. Mikono ya sweta ilining'inia hadi sakafuni, na Swaib akaenda akiipigapiga kama mbawa.

Namwase alipunguza ubaridi kidogo kwa kidude cha mkononi, akaanza kupanga vifaa vyake. Ramlah alimshikia sanduku.

"Fundi, bado umenikasirikia?"

"Hapana," alisema Namwase. "Nisikilize. Siku ile uliniambia kweli nyingi na uongo mmoja. Ulidhani kweli zile nyingi zingeubeba ule mmoja. Haziwezi. Mimi nilijenga hesabu yangu yote juu ya maneno yako, na penye uongo pakaingia joto. Mtu akikuuliza jambo ili afanye kazi, au ili amtibu mtu, usimpe jibu unalolipenda. Mpe lililopo, hata likikutia aibu. Aibu huisha. Umeona mwenyewe madhara yaliyokaribia kutoisha."

Akafunga sanduku lake, akaaga, akatoka. Ramlah aliufunga mlango wa chumba nyuma yake, akaketi mkekani karibu na Swaib.